Vifaa vipya vya kambi kutoka maonesho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Msimu wa maonesho ya biashara ukipita, yawe ya Nyamanzi mwezi wa Januari au ya Sabasaba kule Dar es Salaam, maswali huanza kumiminika. Huyu ameona hema linalojitandaza lenyewe, yule kauziwa tochi ya kichwani, mwengine anataka kupeleka wanafunzi wa skuli yake Vumawimbi na hajui aanzie wapi. Mimi huzunguka mabanda hayo nikitafuta kitu kimoja: vifaa vya kulala nje vitakavyohimili joto letu, unyevu wetu, chumvi na mchanga. Vingi vinavyopangwa mezani vimebuniwa kwa ajili ya milima ya nchi za baridi, na hapo ndipo fedha za watu wetu zinapopotea.

Kulala mahemani si mambo ya wageni?

Hata kidogo. Wavuvi wetu wanapiga dago tangu enzi za mababu, wanalala kwenye vibanda vya makuti visiwani na fukwe za mbali, wanapika, wanakausha samaki na kurudi nyumbani baada ya wiki kadhaa. Wachumaji wa karafuu Pemba hupiga kambi mashambani msimu wa mavuno. Skauti nao wana kambi zao. Kilichobadilika ni uzito: hema la watu wawili, kichujio cha maji na taa ya sola sasa vinaingia kwenye begi moja la mgongoni, ukapanda nalo daladala ya Konde bila kumsumbua abiria mwenzako. Hao wa dago ndio ningependa wafaidike mwanzo.

Kipi hasa kilicho kipya kwenye mabanda?

Mambo manne yamenivutia. La kwanza ni mahema yasiyo na fito, yanayosimama kwa mirija ya upepo unayojaza kwa pampu. La pili, bembea za kulalia zilizoshonwa pamoja na chandarua chake. La tatu, betri za lithiamu aina ya LiFePO4, ambazo zinastahimili kuchajiwa mara 2,000 na zaidi, wakati betri za lithiamu tulizozizoea huanza kuchoka baada ya mara 500 hivi. La nne ni vitambaa visivyotiwa PFAS, zile kemikali za kufukuza maji ambazo hazivunjiki katika mazingira. Jimbo la California lilipiga marufuku nguo zilizotiwa makusudi kemikali hizo kuanzia Januari 2025, na viwanda vingi vimebadilisha utengenezaji kwa sababu hiyo. Kitambaa cha aina mpya hulowa mapema kidogo kuliko cha zamani, kwa hiyo usishangae ukiona maji hayateleziki juu yake. Kinachozuia maji yasipenye ni utando wa ndani.

Bidhaa hizi kwa kawaida huanza kuoneshwa kwenye maonesho ya Ulaya na Marekani. Yale makubwa ya Ulaya yalikuwa yakifanyika Friedrichshafen, Ujerumani, hadi 2018, kisha 2019 yakahamia Munich. Zikifika kwetu zimeshapita mikono mingi, na baadhi ni nakala. Ndiyo maana kukagua kwa mkono wako ni lazima, na hilo nimelieleza hapo chini.

Hema gani linafaa hapa kwetu?

Lenye wavu mwingi na paa la nje la kulifunika. Hata Julai na Agosti usiku wetu kwa kawaida haushuki chini ya nyuzi 20 hivi za Selsiasi, na wakati wa kaskazi joto halituachi mpaka alfajiri. Hema linaloitwa la misimu minne limezibwa kuta zake ili kuzuia theluji. Ukililalia Nungwi mwezi wa Februari utatoka nje saa sita za usiku, umelowa jasho, utandike mkeka mchangani.

Tafuta hema la ngozi mbili. Chumba cha ndani kiwe cha wavu kuanzia usawa wa kiuno hadi juu, na turubai la nje lisimame mbali na wavu huo angalau upana wa kiganja ili upepo upite katikati. Hapo pumzi ya waliolala hupata pa kutokea. Hema la ngozi moja huigeuza pumzi ile kuwa matone ya maji ndani ya paa, na alfajiri yanadondoka usoni, watu wakadhani hema linavuja. Milango iwe miwili, inayotazamana. Mlango mmoja hata uwe mkubwa vipi hauleti upepo, kwa sababu upepo ukiingia unataka pa kutokea. Kama lina baraza mbele, ile sehemu ya turubai inayofunika viatu na vyombo nje ya mlango, lina faida kubwa wakati wa vuli, maana mvua zake huja ghafla.

Fito za alumini ni bora kuliko za faiba. Ya faiba ikipasuka hupasuka kwa urefu, ikatoa nyuzinyuzi zinazochoma vidole na kutoboa kitambaa. Ya alumini hupinda, na fundi anaweza kuinyoosha au kuifunga kijibomba. Tatizo lake ni chumvi, kwa hiyo huoshwa kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila baada ya kambi ya pwani.

Kwa kitambaa, napendelea poliesta. Nailoni ni nyepesi zaidi na haichaniki haraka, lakini ikilowa inalegea, utaamka usiku kukaza kamba, na jua letu huila upesi kuliko poliesta.

Na yale yanayojitandaza yenyewe ukiyatupa?

Kwa kivuli cha mchana, watoto wakiogelea, yanafaa sana. Kwa kulala msimu wa kusi, hapana. Mengi ni ya ngozi moja, waya wake unapinda upepo ukizidi, na likikunjwa hubaki duara kubwa ambalo halikai vizuri ndani ya daladala wala kwenye pikipiki.

Ya mirija ya upepo ni jambo jengine. Mazito, ni ya familia yenye gari, lakini yanasimama imara na hata mtu mmoja anaweza kuyasimamisha. Ukiyaweka juani, punguza upepo kidogo ikifika adhuhuri, kwa sababu hewa iliyo ndani hutanuka kwa joto na mshono unaweza kuachia. Tena usikubali kulinunua bila viraka vyake ndani ya mfuko. Jiwe la matumbawe moja tu linatosha kukuharibia safari.

Namba kama 1500 mm au 3000 mm zina maana gani?

Ni kipimo cha maji. Kitambaa cha 3000 mm kinaweza kubeba maji yaliyosimama juu yake kwa kimo cha mita 3 kabla hayajaanza kupenya. Paa la 1500 linatosha kwa mvua nyingi, ingawa kwa masika yetu mimi huangalia 2000 kwenda juu. Sakafu inataka zaidi, 3000 au hata 5000, kwa sababu unapopiga goti juu ya mchanga uliolowa unayakamua maji yaje ndani. Namba ikiwa kubwa na mishono haikufunikwa kwa utepe, haikusaidii kitu. Maji hupita kwenye matundu ya sindano.

Nimepata hema la mtumba la jina kubwa kwa bei rahisi. Nichukue?

Swali hili ndilo lililowagharimu watu wengi, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Mahema mengi huzuia maji kwa utando wa plastiki laini, poliyurethani, uliopakwa upande wa ndani wa kitambaa. Utando huo una adui wawili, unyevu na joto, na wakikutana wanauvunjavunja kidogo kidogo. Katika nchi kavu huchukua miaka mingi. Hema lililokunjwa likiwa na unyevu, likafungwa kwenye kontena wiki kadhaa, kisha likakaa chini ya bati pale sokoni, linaweza kuwa limeshaoza kabla hujaliona, na kwa nje likaonekana jipya kabisa, rangi inang'aa.

Lifungue. Usikubali kuuziwa likiwa limekunjwa. Geuza turubai ndani nje, weka kidole gumba juu ya utando, kisha kisugue taratibu. Ukihisi kunata, au ukaona vipande vyeupe vinabanduka na kubaki kwenye ngozi ya kidole, acha. Kunja upande mmoja juu ya mwengine, ubonyeze, kisha uachanishe, na usikilize: ukiachia kwa sauti ya kubanduka, acha. Halafu linuse. Utando uliooza una harufu ya uchachu, kama matapishi ya mtoto anayenyonya, na hakuna sabuni wala karafuu itakayoiondoa. Hema la namna hiyo halirekebishiki kwa maana halisi. Kuna dawa za kupaka upya, lakini lazima kwanza ukwangue utando wote wa zamani, kazi ya siku nzima, na matokeo yake hayana uhakika.

Kama hema limepita mtihani huo, angalia pembe ambapo kamba zinafungwa, halafu fungua na kufunga kila zipu mara kadhaa. Hema la mtumba lililokauka vizuri na lenye zipu nzima ni ununuzi mzuri kuliko jipya lisilojulikana lilikotengenezwa.

Vigingi havishiki. Pwani mchanga, ndani mawe. Nifanyeje?

Kwenye mchanga vile vigingi vyembamba vya ndani ya boksi havina kazi. Chukua kumbi la nazi au kiroba kilichojaa mchanga, ukifunge kamba katikati, ukifukie kina cha mkono hadi kiwiko kwa kulaza, kisha ushindilie juu yake. Kusi livume litakavyo, hakitoki. Pwani ya mashariki ya Unguja, Makunduchi na kuelekea Michamvi, udongo ni mwembamba juu ya mawe, kigingi hakiingii kabisa. Huko nunua hema linalojisimamia lenyewe kwa fito, ukafunge kamba kwenye mawe makubwa, na uweke kitambaa kigumu chini ya sakafu, maana yale mawe yana makali.

Nitajuaje kwamba maji hayatanifikia usiku?

Muulize mvuvi wa pale. Kama hayupo, tazama mstari wa mwani mkavu na takataka zilizoachwa na bahari, kisha upige hema juu zaidi ya hapo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na tofauti ya maji kupwa na kujaa hufikia mita 4 hivi. Mstari uliouona wakati wa maji mafu, yale yasiyojaa sana, utakudanganya. Jambo hili linawahusu hasa wanaokwenda visiwa vidogo na Uzi, ambako njia yenyewe kwa miaka mingi imekuwa ikifunikwa na maji. Na usilale chini ya mnazi wenye nazi, hata kama kivuli chake kizuri vipi. Mvinje ni rafiki zaidi, na mashina yake yanafaa kufungia bembea.

Nahitaji begi la kulalia?

Hapana, isipokuwa unakwenda Kilimanjaro. Shuka na kanga mbili zinatosha. Godoro la kujaza upepo linafaa, ila ile namba R wanayokutajia ni ya kuzuia baridi ya ardhini, sisi hatuna haja ya kulipia namba kubwa. Tandika mkeka wa ukindu juu ya godoro, jasho halitashika mgongoni.

Chandarua cha hema kinazuia mbu na usubi?

Mbu ndiyo, usubi si lazima. Chandarua cha kawaida cha kitandani kina matundu 156 kwa kila inchi ya mraba, mbu hapiti ila usubi wa mikokoni anapita. Uliza wavu wenye matundu madogo zaidi. Kitambaa kikiwa kimetiwa dawa ya pemethrini ni bora, lakini usikisuuze baharini wala mtoni kwa sababu dawa hiyo inaua samaki, na ikiwa bado mbichi ni sumu kwa paka. Kumbuka pia mbu anayeeneza homa ya dengi huuma mchana. Hema la usiku halikukingi naye.

Vichujio vya maji vinavyouzwa vinaaminika?

Vizuri vinaaminika kwa kazi yake. Kile cha Sawyer kina matundu ya mikroni 0.1 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na bomba la kunyonyea la LifeStraw la mwanzo lilikuwa mikroni 0.2. Bakteria, wakiwemo wa kipindupindu, hawapiti humo. Virusi ni wadogo zaidi, wanapita, kwa hiyo kwa kisima kilicho karibu na vyoo ongeza klorini au chemsha mpaka yatokote kwa dakika moja nzima. Na hili naomba lieleweke vizuri kwa wanaokwenda visiwani: hakuna kichujio cha namna hii kinachoondoa chumvi. Kisima cha pwani chenye maji ya chumvi kitabaki na chumvi yake. Bebeni madumu.

Baada ya matumizi kisukumie maji safi kwa kinyume, kisha kikaushe kabisa. Kikifungwa kibichi kinaota ukungu ndani, na huwezi kuuona.

Taa gani ninunue?

Tochi ya kichwani ya lumeni (kipimo cha mwanga) 200 hadi 300 inatosha kupika, kutafuta njia na kufungua kamba za boti. Wauzaji hutaja maelfu ya lumeni, lakini betri haidumu kwa mwanga huo. Angalia alama ya IPX4, inayohimili kurushiwa maji, au IPX7, inayohimili kuzama mita 1 kwa nusu saa. Mvuvi achukue IPX7.

Iwe na taa nyekundu. Kasa anayepanda kutaga akimulikwa taa nyeupe hurudi baharini bila kutaga, na watoto wake huchanganyikiwa, wakafuata mwanga badala ya bahari. Pwani yenye viota, kama vile Misali, zima kila kitu. Kasa wetu wamebaki wachache mno kwa sisi kuwaharibia kwa ajili ya tochi.

Ile taa ya sola ya kupuliza, inayokunjika ikawa bapa, naipendekeza bila wasiwasi. Haina mafuta na haina moto ndani ya hema la watoto.

Paneli ndogo ya sola itachaji simu za watu wangapi?

Paneli iliyoandikwa wati 20 hutoa kama 12 hadi 15 jua likiwa kali. Kwa saa tano za jua zuri unapata wati-saa 60 hivi, yaani simu tatu au nne. Wingu la masika hupunguza sana. Ilaze ikitazama jua, betri yenyewe ikae kivulini, kwa sababu betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na ndani ya gari lililofungwa joto hilo hufikiwa haraka.

Ukisafiri kwa ndege kuja Pemba, pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi na isizidi wati-saa 100. Ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, inaruhusiwa.

Mitungi midogo ya gesi, je?

Ndege haikubali kabisa, iwe mizigoni au mkononi. Nunua unakofika. Muuzaji akikushawishi ulipie mchanganyiko wa bei wa isobyuteni na propeni, jua kwamba umetengenezwa kwa baridi. Byuteni ya kawaida huacha kugeuka mvuke ikishuka nyuzi 0.5 chini ya sifuri, hali ambayo Zanzibar haipo. Jiko likinge upepo lakini usiuzungushie mtungi, utapata joto na kupasuka. Na jiko lolote, la gesi au la makaa, halipikiwi ndani ya hema, hata mvua inyeshe vipi.

Tunakwenda kama familia, akina mama na mabinti wapo. Stara itakuwaje?

Kuna vihema vyembamba virefu vya kubadilishia nguo, kuogea na choo, na ni katika vitu vizuri nilivyoviona. Havina sakafu, unachimba shimo ndani na kulifukia unapoondoka. Angalia kitambaa kwa taa: mwambie muuzaji asimame ndani na tochi, wewe uwe nje. Vingi vinaonesha kivuli cha mtu wazi kabisa usiku, na hilo halizungumzwi bandani. Kwa sala, kibla kwetu ni karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo upange hema kubwa tangu mwanzo ili safu zitoshe bila watu kutoka mvuani.

Ruhusa naipata wapi?

Kwa sheha kwanza, popote pale. Ni adabu, na ni usalama wako pia, kwa sababu kijiji kikijua upo kinakuangalia. Ngezi ni msitu wa hifadhi, Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004, Misali nayo imehifadhiwa, kwa hiyo huko unazungumza na ofisi zao kabla ya kufunga safari. Kuni usikate. Chukua makumbi na vifuu kutoka nyumbani.

Bandani nimuulize nini muuzaji?

Mwambie alisimamishe hema mbele yako, kisha alikunje na kulirudisha kwenye mfuko wake. Mengi hayarudi. Ingia ndani, lala, nyoosha miguu. Hema la watu wanne kwa kweli ni la watatu na mizigo yao. Uliza kama anauza fito moja moja na kama atakuwepo maonesho yakifungwa, maana Sabasaba humalizika tarehe 13 Julai na mabanda mengi huondoka na wenyewe. Chukua risiti na namba ya duka la kudumu. Siku mbili za mwisho bei huwa zinashuka, lakini usisubiri kama kilichobaki ni kimoja.

Nikirudi nyumbani nilitunze hema vipi?

Osha kwa maji baridi, bila sabuni ya unga. Piga zipu mswaki kuondoa mchanga, kisha pakaza nta ya nyuki. Anika kivulini mpaka mishono ikauke, na mishono ndiyo hukauka mwisho. Usilihifadhi kwenye mfuko wake uliobana. Litie kwenye foronya kubwa ya pamba, liweke juu ya kabati mahali penye hewa, na lifunguliwe kila mwisho wa masika, hata kama hakuna safari.